Miguu ya Neema na Maji ya Kisima

Jumamosi, 11 Mei

Nimechuja asali tangu asubuhi. Masega ya mizinga ya upande wa reli ni meusi mwaka huu na asali yake inakwaruza koo. Wanunuzi wa stesheni watalalamika. Upepo mkali, vumbi tupu. Ndoo zote nimezifunika kwa kitambaa na kuzifunga kamba.

Mchana nimempima Neema kama kawaida. Namlaza kwenye mkeka, nakutanisha vifundo vya miguu yake, naingiza vidole katikati ya magoti. Leo vinne vimepita bila kugusa nyama. Mwezi uliopita vilikuwa vitatu. Ana miaka mitatu, na gauni alilovaa akiwa wa mwaka mmoja na nusu bado linamtosha. Zahanati walitupa matone ya vitamini na kusema aoteshwe jua. Matone yameisha, jua la Itigi haliishi, miguu inazidi kupinda.

Kaka yake Daudi, wa darasa la pili, amenyooka kama mlingoti wa bendera. Nyumba moja, sufuria moja. Kuna kitu nisichokiona.

Jumatatu, 13 Mei

Nimefikiri sana. Ni maji.

Nilikozaliwa, kule Ikungi, visima vyetu vina floridi. Mwalimu wa kemia alitueleza tukiwa kidato cha pili, akaniita mbele niwaonyeshe wenzangu meno yangu ya kahawia. Akasema floridi ikizidi sana huharibu hata mifupa. Siku ile nilipata jibu la miguu yangu iliyopinda. Nilirudi bwenini nimefarijika. Haikuwa laana, wala uzembe wa mama. Ilikuwa maji.

Ndiyo maana nilipooa niliweka sheria moja tu. Maji ya kunywa na kupikia yatoke kwenye bomba la stesheni. Kisima cha nyuma ya nyumba ni cha kufulia na kuogea. Kina chumvi, sikiamini. Mama Daudi ameyabeba maji ya bomba kichwani tangu siku hiyo na hajawahi kubisha.

Mara mbili ameniomba tumpeleke mtoto hospitali kubwa. Nimekataa. Huendi kumuuliza daktari jambo unalolijua.

Alhamisi, 16 Mei

Jirani yetu Mama Salima amekuja kuchukua asali ya kikohozi. Yeye hucheka kila kitu. Akasema, "Baba Daudi, mkeo kachoka na bomba lako! Ulipokuwa porini nimemwona kisimani na Neema. Mtoto kashika kikombe, anagugumia kama ndama!"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikufanya kazi tena.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemuuliza. Hakukana. Bomba lilikatika nilipokuwa kwenye mizinga, siku kadhaa, akachota ya kisima na kuyachemsha. "Ningempa nini, Baba Daudi? Ningempa asali anywe?"

Nikamwambia amempinda mtoto wangu. Nilisema kwa sauti, madirisha yakiwa wazi. Hakujibu. Aliendelea kukoroga uji. Kwangu kunyamaza ni kukiri.

Jumapili, 19 Mei

Baada ya kanisa nimempigia simu baba mkubwa. Ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba alipofariki. Nimemweleza yote. Akasema jambo la mtoto kuharibiwa halimalizwi chumbani. Ataita kikao Jumamosi, hapa kwangu. Mama ataletwa kutoka kijijini.

Nimelala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 25 Mei

Kikao kimekwisha.

Wanaume walikaa kwenye viti, mama na shangazi kwenye mkeka. Mama Daudi alikaa karibu na mlango na Neema. Nilieleza hoja zangu kwa mpangilio. Sheria ya maji. Bomba kukatika. Kisima. Vipimo vya magoti, mwezi hadi mwezi. Baba mkubwa akatikisa kichwa akasema, "Shule haimtupi mtu. Mmesikia mambo yanavyopangwa?"

Mama ndiye aliyefunga. Alisema, "Nyumba hii haina mtoto aliyezaliwa amepinda. Wangu mimi alipindwa na maji, na sikuwa na bomba. Huyu alikuwa nalo."

Ikaamuliwa aombe radhi kwa magoti, kama inavyofanyika kwetu mke akileta madhara ndani ya nyumba. Mama Daudi alitutazama mmoja mmoja. Mimi aliniacha wa mwisho. Kisha akapiga magoti akasema, "Nisameheni." Hakusema kwa kosa gani.

Neema alidhani ni mchezo. Akajaribu kupiga magoti pembeni ya mama yake. Miguu ikakataa, mmoja ukaenda huku mwingine kule, akaanguka kifudifudi. Shangazi akacheka kidogo, nadhani kwa woga. Mama Daudi hakumwinua mtoto mpaka alipoambiwa ainuke yeye mwenyewe.

Kuku waliliwa. Mimi sikula. Sielewi. Nimeshinda.

Jumapili, 26 Mei

Ameondoka. Amemchukua Neema na begi la nguo, wameenda Manyoni kwa mama yake. Daudi amemwacha kwa ajili ya shule.

Kabla ya kuondoka alijaza maji ya bomba kila chombo. Ndoo za jikoni, madumu, hata beseni la kuogea. Nimesimama nayatazama.

Jumatano, 5 Juni

Kupika sijui. Ugali umeungua, Daudi ameula bila neno. Nachota maji mwenyewe kwa baiskeli. Nyonga zinauma. Asubuhi nanyooka taratibu kama mzee, na bado sijafika arobaini. Jino limevimba tena, lile lisilo na tundu. Kwenye mizinga sikwenda.

Sijapiga simu Manyoni. Mwenye kosa ndiye apige.

Jumanne, 18 Juni

Ujumbe wa simu kutoka kwa Mama Daudi. "Tupo Dodoma hospitali. Mtoto anapimwa. Daktari anamtaka baba yake. Njoo." Hakuna salamu.

Amempeleka bila kuniuliza. Kwanza nilikasirika. Baadaye nikausoma ujumbe tena, mara tatu. Daudi atakaa kwa Mama Salima. Nimenyoosha suruali ya kitambaa, ile pana.

Alhamisi, 20 Juni

Dodoma. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Lazima niandike kama ilivyokuwa.

Daktari ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Alinionyesha picha za mifupa ya Neema. Kwenye magoti na vifundo vya mikono, ncha za mifupa zimepanuka na kuchanika nyuzinyuzi, kama kijiti cha mswaki kilichotafunwa. Akasema ni matege, lakini si yale ya kukosa jua au chakula, ndiyo maana matone ya zahanati hayakufanya kitu. Kalsiamu kwenye damu iko sawa. Fosfati ndiyo iko chini, na kwenye mkojo imejaa. Figo za mtoto zinaimwaga badala ya kuirudisha mwilini. Mfupa usio na fosfati haukomai, na ukibebeshwa mwili unapinda.

Nikaingilia. Nikamweleza habari za kisima, floridi, meno yangu. Nilieleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Watoto wa majirani wanakunywa maji ya wapi?"

Wengi, ya kisima.

"Na wao wamepinda?"

Hapana.

"Na kule ulikozaliwa, wenye meno kama yako wana miguu kama ya Neema?"

Niliwapitia kichwani watu wote ninaowakumbuka. Wenzangu wa kuchunga, wa shule ya msingi, wajomba. Meno ya kahawia, miguu imenyooka. Nimeishi nao miaka yote ile na sikuwahi kuwatazama miguu. Nilikuwa tayari na jibu. Daktari akasema floridi nyingi kwa miaka mingi inaweza kweli kuumiza mifupa ya mtu, lakini haifanyi hivi, na kikombe cha siku chache hakifanyi lolote.

Kisha akasema, "Baba, naomba ukunje suruali."

Hakuna mtu aliyeiona miguu yangu mchana tangu shule, walikoniita Mabano. Nilikunja mpaka juu ya magoti. Daktari akachuchumaa, akashika, akapima. Mama Daudi alikuwa kwenye kiti cha pembeni amempakata Neema. Neema akanyoosha kidole akasema, "Ya baba kama yangu."

Walinitoa damu. Daktari akauliza kama nina maumivu ya nyonga, kama meno hunivimba bila kuoza. Akauliza urefu wa mama yangu na anavyotembea. Halafu akaeleza. Ugonjwa huu unakaa kwenye kromosomu ya X. Baba humpa binti X yake, mwana humpa Y. Kwa hiyo kila binti nitakayezaa atakuwa nao. Mwanangu wa kiume hawezi kuupata kwangu. Ndiyo maana Daudi amenyooka.

Swali la X na Y lilikuwa kwenye mtihani wangu wa baiolojia wa kidato cha nne. Nililipata. Nilichora hadi jedwali.

Mama Daudi alitoka wa kwanza. Kwenye korido akaniuliza, "Umesikia?"

Nimesikia.

"Basi kaseme palepale uliponipigisha magoti."

Akaenda dirisha la dawa. Mimi bado niko kwenye benchi hili.

Ijumaa, 21 Juni

Majibu yangu. Fosfati chini. Hakuna shaka tena.

Dawa ni maji ya fosfati, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, maana figo zinaimwaga haraka. Pamoja nayo ni vitamini D nyingine, siyo ile ya zahanati, hii imeshabadilishwa na iko tayari kufanya kazi mwilini. Ziende zote mbili. Fosfati peke yake inaleta madhara mengine. Damu, mkojo na figo zitapimwa mara kwa mara. Kuna sindano mpya, lakini haipatikani hapa. Akianza sasa na asikose, miguu inaweza kujinyoosha anavyokua. Isiponyooka, upasuaji baadaye. Hata mimi naweza kutibiwa maumivu yakizidi.

Nikamuuliza ingekuwaje tungekuja mwaka jana. Akasema, "Ingekuwa afadhali." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Wao wameteremka Manyoni, mimi nimeendelea na basi hadi Itigi. Nilitaka kumbebea begi. Akalivuta kwake.

Jumamosi, 6 Julai

Baba mkubwa amepiga simu kuulizia mjukuu. Nikamwambia ni ugonjwa wa mifupa, amepewa dawa.

"Si tulisema? Maji yale!"

"Ndiyo, baba mkubwa."

Nimesema ndiyo. Naona haya hata kuliandika neno hili.

Jumanne, 16 Julai

Bombani leo foleni ndefu. Mama Salima na wenzake wakaanza. "Pole Baba Daudi, unabeba mwenyewe. Mwanamke anakunja mtoto kama waya! Tukutafutie mwingine, anayejua njia ya bomba?" Wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza kuwa Manyoni hakuna bomba la kutosha kumwosha huyo.

Nilicheka nao. Nikajaza madumu, nikafunga mpira wa baiskeli, nikaondoka. Mimi ni mtu wa hovyo.

Sababu ninayojipa ni mama. Miguu hii haikutoka kwa baba. Baba alikuwa mrefu, amenyooka. Mama ni mfupi, anayumba akitembea, nyonga hazimkunjiki, meno yamemwisha kwa majipu. Nikifungua mdomo ukoo utamgeukia yeye. Ni mjane, na shamba analolima ni la ukoo. Wanaweza kusema ameleta kasoro ndani ya damu yao. Hiyo ni sababu ya kweli.

Lakini si yote. Nusu nyingine ni suruali yangu. Sitaki waitazame miguu yangu na kujua ni yangu. Ilipokuwa ya maji niliweza kuibeba.

Ijumaa, 19 Julai

Nimeongea na Neema kwa simu. Anasema dawa ina ladha ya chumvi mbaya na tumbo linamuuma. Mama yake hakutaka simu.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda kijijini. Mama alikuwa ameanika mtama uani, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anafukuza kuku kwa fimbo ndefu bila kuinuka. Nikasalimia, nikakaa chini. Tuliongea Kinyaturu, nafasiri hapa.

Nikamweleza polepole. Figo, fosfati, X. Kwamba mwenye nao akiwa mama anaweza kumpa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, na anaweza pia asimpe, kama dada yangu ambaye hana. Hakunikatiza. Alipoelewa alisema, "Kwa hiyo ni mimi."

Nikasema hili si kosa la mtu.

"Mkeo tulimwambia ni kosa la mtu."

Akafukuza kuku. Halafu akasema alipoletwa hapa akiwa bibi harusi, mama mkwe wake alimwagiza akae kabla wageni hawajaingia, asitembee mbele yao. Alizoea. Akasema nilipotoka shule na habari za floridi yeye ndiye aliyefurahi kuliko mimi. Alimwambia kila mtu. Kisimani, kanisani. Maji, si yeye.

"Sasa unataka na mimi nipige magoti mbele yao?"

Nikasema hapana. Nitalichukua mimi. Daktari alisema kuna wakati ugonjwa huanza kwa mtu mwenyewe bila kuurithi. Nitasema hivyo. Ukoo utaridhika.

Akageuza mtama kwa ncha ya fimbo. Wakati wa kuondoka aliniuliza kama Neema analia usiku kwa maumivu ya miguu. Nikasema hulia. Akasema, "Na wewe ulikuwa unalia. Nilikuwa nakuchua kwa mafuta ya ng'ombe." Nimelia ndani ya basi. Nilisingizia vumbi.

Jumatatu, 22 Julai

Nimempigia baba mkubwa, nimeomba kikao. Akauliza kuna nini tena. Nikasema nina la kusema na lazima liwe palepale. Amenung'unika. Atakuja Jumamosi.

Jumamosi, 27 Julai

Watu walewale, sebule ileile. Nilianza bila hoja mkononi. Nilisimama, nikakunja suruali mguu mmoja, halafu wa pili.

Baba mkubwa akasema, "Vaa vizuri wewe, shangazi yako yuko hapa."

Nikaomba wanitazame. Nikasema miguu ya Neema ni hii. Haikutoka kisimani. Nilimpa mimi, bila kujua, kwa sababu ni binti yangu. Mama yake alichemsha maji mtoto anywe, basi. Tulimpigisha magoti kwa hoja zangu, na hoja zilikuwa uongo. Mimi sikuwa nimechunguza kitu. Sauti ilinitoka vibaya, nikarudia sentensi moja mara mbili.

Baba mkubwa akauliza, "Na wewe umeutoa wapi? Ndugu yangu alikuwa amenyooka. Kwetu hakuna hii."

Nikaanza, "Daktari alisema kuna wakati huanza kwa mtu—"

Mama akaanza kuinuka mkekani. Kuinuka kwake ni kazi. Hugeuka upande, hushika ukuta, hupumua, ndipo asimame. Hakuna aliyemsaidia, wote tulishangaa. Akasema, "Kwangu. Ameutoa kwangu."

Akatembea. Kutoka mkekani hadi mlangoni na kurudi, katikati ya viti vya shemeji zake, akiyumba. "Tazameni basi. Mmekuwa mkinitazama kwa kuibia tangu nimeolewa. Leo tazameni."

Shangazi aliinamisha uso. Baba mkubwa akashika kofia yake, akaigeuza geuza. Mwisho akasema sawa, tumesikia, jambo liishie hapa. Nikasema haliishii hapa, Mama Daudi anatakiwa kuombwa radhi na hawa hawa. Akasema ukoo haupeleki magoti kwa mke wa mtu. Akaondoka bila kula. Wawili wakamfuata. Kuhusu shamba la mama hakuna aliyesema neno, na hilo halinifariji.

Nilimwambia mama hakupaswa kusema. Akasema, "Ulitaka kudanganya tena? Kaa chini, unanichosha."

Jumapili, 28 Julai

Nimekwenda kwa Mama Salima mwenyewe. Nimemweleza mlangoni, bila kucheka. Akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Ewe Mola, na mimi ndiye niliyesema ya kikombe." Nikamwambia alisema alichokiona. Yaliyobaki nilisema mimi. Akaahidi kuwaambia wa bombani. Atawaambia, naamini. Hajawahi kukaa na habari.

Alhamisi, 1 Agosti

Manyoni. Kwetu anayekosea ukweni huenda na mtu mzima wa kumsemea. Baba mkubwa amekataa, kwa hiyo mama amekuja. Safari imemuumiza.

Mama mkwe alitupokea kwa heshima kavu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Kaeni." Akamwita bintiye kutoka jikoni.

Mama Daudi akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Ana tumbo. Tumbo la kuonekana. Nilihesabu kichwani pale pale. Alikuwa nalo siku ile. Alipiga magoti nalo, na hakuwa ameniambia, na baada ya yale aliona hakuna haja.

Nilipiga magoti uani. Kwangu mimi huchukua muda. Nikasema nilichomkosea, kimoja kimoja, kwa jina lake. Kwamba nilimsingizia. Kwamba nilimzuia kumpeleka mtoto hospitali. Kwamba nilimwaibisha mbele ya mtoto. Kwamba nilipojua ukweli nilikaa nao kimya na kucheka na watu bombani. Hilo la mwisho hakulijua. Niliona linavyomwingia.

Mama naye akaanza kushuka kutoka kwenye kigoda. Mama Daudi akamwahi, akamshika mkono. "Wewe mama kaa. Nyonga zako hizo." Akamkalisha, akamletea maji.

Mimi hakunizuia. Nilikaa vile mpaka mama mkwe akasema, "Inuka basi, Baba Daudi, watu wanapita."

Kurudi Itigi hataki kwa sasa. Dawa ya mtoto ni nyingi, hapa ana wa kumsaidia, na Dodoma ni karibu zaidi. Baada ya kujifungua ataona. Alisema ataona, hakusema atarudi. Nimekubali. Sina pa kusimama nikikataa.

Wakati tunaaga, mama aliomba aonyeshwe namna dawa inavyopimwa. Mama Daudi akamwonyesha, mara mbili, bila haraka. Mama ana miaka yote hii na ndiyo kwanza anaiona dawa ya ugonjwa wake.

Jumapili, 11 Agosti

Tangu mambo yale nakuja kila Jumapili na Daudi. Leo nimepewa kazi ya kumnywesha Neema. Ametema kwenye shati langu. Mara ya pili amemeza. Sasa namwacha alambe asali kidogo baadaye. Mama Daudi aliona, akasema kidogo tu, meno yake yenyewe hayana nguvu. Nimepunguza.

Sijampima magoti. Daktari ndiye atapima.

Jumapili, 18 Agosti

Mchana wa joto. Daudi na Neema walilala chini ya dirisha. Mama mkwe alikuwa kanisani. Mama Daudi aliweka ungo wa mchele katikati yetu, tukawa tunachambua, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Nikamwambia kitu ninachokifanya kila siku tangu nilipoliona tumbo. Naomba awe wa kiume. Nikamwambia naona haya kuomba hivyo, nikiwa na Neema amelala hapo.

Hakukasirika. Aliokota jiwe, akalitazama, akalitupa uani. Akasema, "Akiwa wa kike, tunajua pa kumpeleka."

Akasogeza ungo kidogo upande wangu. Tukaendelea na mchele.